Upara na Siku za Katikati

Kwa miaka miwili mizima niliamini, kama ninavyoamini kwamba jua hutoka mashariki, kwamba mwanamume hupata upara kwa kulala na mkewe siku zisizofaa.

Maelezo yenyewe yalikuwa hivi. Mwanamke akishamaliza hedhi yake na kuoga, tumbo lake la uzazi linakuwa wazi kama duka la asubuhi. Kwa siku nne tano mlango uko wazi, mbegu inaingia, inakaribishwa, inakaa. Baada ya hapo mlango unafungwa kama wiki nzima. Anayekuja siku za katikati anakuta kufuli. Sasa mbegu iliyofukuzwa mlangoni iende wapi? Inarudi kwa mwenyewe. Inapanda na uti wa mgongo mpaka kichwani, na huko, kwa kukosa kazi, inasukuma nywele kutoka chini, moja baada ya nyingine, mpaka kichwa kinabaki kinang'aa kama sahani ya bati.

Aliyenieleza hayo alikuwa fundi mwenzangu, mtu mzima, aliyeketi cherehani ya pili kutoka kwangu pale barazani Rwezamenyo, mtaa wetu wa Kigali. Alikuwa mtu asiyecheka. Ukimwuliza saa ngapi anakujibu kama anayetoa ushahidi mahakamani. Mtu wa namna hiyo akikwambia jambo utampingaje? Halafu yeye mwenyewe, kwa umri wake, alikuwa na nywele zote. Ushahidi gani tena?

Na mimi nilikuwa na cha kupoteza. Miaka ile nilikuwa na nywele, jamani! Nywele zangu zilifika mahali kabla yangu. Nikiingia msikitini kofia ilikaa juu kama chombo kilichotua mlimani kwa bahati mbaya. Mke wangu alikuwa akizichana Ijumaa, na kazi hiyo alikuwa akiigawa mara mbili, upande mmoja kabla ya chai na upande wa pili baada ya chai. Basi tangu siku niliyoambiwa habari ya upara, nilianza kuwatazama wenye vipara wote wa Kigali kwa huruma. Nilimhurumia mwenye duka la mikate kule Muhima. Nilimhurumia konda mmoja wa kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kijana kabisa, nikawaza, maskini, hakuwa na mtu wa kumwambia. Hata mwalimu wangu wa masomo ya jioni alikuwa na upara mpana wa kutosha kuandikia zoezi zima la hesabu, na nilimhurumia na yeye, wakati kila mtu darasani alijua kwamba ana watoto wanane. Wanane! Nilikuwa mwanafunzi wa kwanza katika hesabu na hesabu hiyo sikuifanya.

Mtasema, lakini wewe ulikuwa unasoma, hukufundishwa haya? Nilifundishwa. Tulisoma uzazi wa ua la maharage, na mpaka leo naweza kukuchorea ua la maharage nikiwa nimefumba macho, na chavua yake, na nyuki wake. Tulipofika ukurasa wa binadamu mwalimu alikohoa, akasema huo ni rahisi, kila mtu atausoma nyumbani kwake. Nyumbani hatukuwa na kitabu. Kitabu kilikuwa kimoja, na kilikuwa chake.

Basi mwanamume mwenye elimu ya ua la maharage na hofu ya upara akioa anafanya nini? Anapanga ratiba.

Tulioana mwaka wa tisini, kabla ya vita kuanza kule kaskazini. Mke wangu alikuwa binti wa mtaa ule ule, mrefu kunizidi kidogo, jambo ambalo nywele zangu zilinisaidia kulificha. Yeye ndiye aliyeshona matundu ya vifungo na kutia pindo, kwa mkono, haraka na kwa kunyooka hivi kwamba wateja walidhani tuna mashine ya Ulaya ndani. Duka letu lilikuwa chumba cha mbele. Nyuma ya pazia ndipo tulipoishi. Alikuwa akicheka kwa sauti mpaka wapita njia wanasimama. Na kwa kuwa mtaani kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, na sisi hatukuwa na mtoto, yeye aliniita Baba Nani.

"Baba Nani, chai."

"Mama Nani, nakuja."

Ulikuwa mchezo wetu. Mwaka wa kwanza tulicheka. Mwaka wa pili bado tuliitana hivyo, ila yeye alianza kulitamka jina lile taratibu, kama mtu anayeuliza kweli.

Vita vilipofunga njia ya mpakani Gatuna, vitambaa vilivyokuwa vikitoka Uganda vikakatika, na mafundi wa Rwezamenyo wakageukia kusini. Kila mwezi mmoja wetu alikwenda Bujumbura kutafuta vitenge na vitambaa vya suruali, akakaa huko wiki nzima, kwa sababu mzigo mzuri hauji siku unayoutaka, na kurudi kulikuwa na vizuizi vya kukaguliwa njiani, kushuka, kupanda, kushuka tena. Mafundi wote waliichukia safari hiyo. Mimi nikasema, nipeni mimi, nitakwenda kila mwezi. Walinisifu! Walisema huyu kijana ana moyo. Hawakujua ninakimbiza kichwa changu.

Kwa sababu ratiba yangu ilikuwa safi kama suti ya bwana harusi. Mwili wa mke wangu ulikuwa na adabu ya saa ya ukutani, haukukosea. Akimaliza damu, akioga, mimi niko nyumbani, mume mwema, siku nne tano za mlango wazi. Halafu, mlango ukifungwa, siku zile za hatari zinapoingia, niko Nyabugogo na begi. Narudi hatari imepita. Nani angenishinda kwa akili?

Na mke wangu alikubali. Nilimweleza yote, mpaka habari ya upara, naye alinitazama kichwani muda mrefu, akasema, "Basi nenda, mume wangu. Nywele hizi nimezichana mno." Akanikaangia chapati za njiani. Kila safari alinisindikiza mpaka kituoni Nyabugogo, njia yote ile ya kuteremka, na basi likiwasha moto alinishika mkono wa shati asiuachie. Alikuwa akiushika mpaka konda anaguna. Nikadhani ni tabia ya wake wote.

Ninapoandika haya wengi wa barazani pale hawapo tena, na mnajua kwa nini, sitayaeleza hapa. Fundi asiyecheka hayupo. Nawakumbuka wakiwa kazini, miguu juu ya pedeli, wakibishana.

Miaka miwili ikafika, na shangazi yangu akafika nayo. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na alinipenda mpaka nikaogopa. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akakataa chai, nikajua kuna neno.

"Mwanangu," akasema, "cherehani ikikataa kushona unafanya nini?"

"Naitia mafuta, shangazi."

"Umeitia mafuta, imekataa."

"Nabadilisha sindano."

"Umebadilisha. Imekataa."

"Basi nalaumu uzi."

"Astaghafirullah, mtoto huyu!" Akapiga paja. "Mtu mwenye akili ananunua cherehani ya pili. Hatupi ya kwanza. Anaweka ya pili kando yake, zinashona zote. Dini imekuruhusu. Kuna binti nimemwona Rwamagana, ametulia, mama yake kazaa saba. Mimi nangoja mpaka Idi. Idi ikipita na nyumba hii bado kimya, tunakwenda kumposa, na wewe utavaa kanzu ile nyeupe na utanyamaza."

"Shangazi, mimi sitaki..."

"Sikukuuliza unataka nini. Nimekuuliza habari za cherehani."

Akaondoka. Nyuma ya pazia mke wangu alikuwa amesikia yote. Nikaingia. Alikuwa ameketi kitandani na suruali ya mteja magotini, sindano imesimama.

"Huo uzi unaoulaumu," akasema, "ni mimi au ni wewe?"

 Nikakaa kando yake. Akaegemeza kichwa begani mwangu, akasema, "Akija huyo mwenzangu, usimwache akuchane nywele. Hilo tu." Tulicheka, na katikati ya kucheka nikaona mabega yake yanatikisika vingine. Mpaka Idi ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Sasa, katika wateja wetu alikuwamo masera mmoja, yaani mtawa wa Kikatoliki, muuguzi wa zahanati ya masista iliyokuwa upande wa pili wa kilima. Alituletea nguo za wauguzi wake, nyeupe, tukazishona kumi kumi. Alikuwa Mnyarwanda aliyeishi miaka mingi Zaire, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na miguu yake chenyewe, kilitembea kilivyotaka. Mnene, mcheshi, na akicheka pale barazani cherehani zote zilisimama. Siku chache baada ya shangazi kuja, alifika kupimwa nguo yake mwenyewe, na mwanamke hupimwa na mwanamke, kwa hiyo mke wangu alimpeleka nyuma ya pazia na futikamba yake. Mimi nilikuwa mbele, nikijifanya natia uzi.

"Weye iko na batoto bangapi?" nikamsikia masera akiuliza, mikono juu bila shaka.

 Nikasikia mke wangu akivuta kamasi.

"Ee, mama. Usililie mu futikamba, itapinda, utanikata nguo ndogo." Kisha akauliza, "Mwaka ngapi?"

"Miwili, masera. Na wanataka kumwoza mke mwingine. Baada ya Idi."

"Bwana yako amepimwa?"

"Yeye? Yeye ana nywele zote, masera."

Pazia lilifunguka, masera akanitazama kichwani kama anayetazama gari lililopinduka.

"Jumamosi muchana," akasema. "Zahanati. Wote mbili. Na weye, hii kichwa yako ulete pia."

Hakutuambia ni darasa la nini. Tulipofika Jumamosi, tulikuta benchi sita zimejaa wake na waume, na mezani vikapu vitatu vidogo vya nafaka. Tukabanwa kwenye benchi la nyuma, kati ya mkulima mmoja aliyesinzia na mke wake aliyekuwa na mimba kubwa.

"Mimi nilichelewa kidogo kuja," yule mwanamke alimwambia mke wangu, akijipapasa tumbo. "Hii ya saba. Masera anatufundisha kupumzika kuzaa bila dawa, kwa kuzijua siku. Ninyi mnao wangapi?"

"Bado," akasema mke wangu.

"Bado wangapi?"

"Bado hata mmoja."

Yule mama akamgonga mumewe kiwiko mpaka akazinduka. "Sha, mume wangu, amka uone! Hawa wamekuja kufunga mlango wa nyumba ambayo haijajengwa!"

Benchi zote zikageuka. Nilitamani nywele zangu zinifunike mpaka magotini, na zilikuwa karibu kuweza. Watu wote mle walikuwa wanakimbia kitu tulichokuwa tunakikimbilia. Mke wangu alisimama atoke. Masera akapiga meza.

"Hapana, kaa, mama. Njia ni moja. Huyu anayetaka kutoroka mvua na huyu anayetaka kuloweka shamba lake, wote wanatakiwa kujua mvua inanyesha siku gani."

Akaanza kupanga nafaka mezani, duara kubwa. Maharage mekundu kwanza, hizo siku za damu. Kisha maharage meupe machache, siku kavu, mwanamke hajisikii kitu pale chini. Kisha akachukua njegere mbichi, akazipanga moja moja, taratibu, kama anayepanga dhahabu.

"Hapa mwili unasema," akasema. "Unatoa ute. Mwanzoni mzito, kisha unakuwa laini, mwangavu kama kioo, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Hii si ugonjwa. Hii ni barabara. Mbegu ya mwanamume ikiingia mu ute huu inaweza kuishi siku kadhaa ikingoja. Yai la mwanamke, hilo halingoji. Likitoka, karibu siku moja tu, basi, limekwisha. Baada ya hapo ute unakatika, siku kavu tena, na kama hakuna mimba, damu inarudi kama wiki mbili mbele." Akamalizia duara kwa maharage meupe, mengi. "Wengine duara lao fupi, wengine refu. Msiige la jirani. Kila mama aangalie lake."

Kisha akainua uso. "Ninyi wa mlango, siku za kutafuta mtoto ni hizi za njegere, mumesikia?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama duara lile na kichwani mwangu ratiba yangu safi kama suti ya bwana harusi ilikuwa inafumuka mshono mmoja mmoja. Mke wangu alikuwa amenyanyuka, ameisogelea meza.

"Masera," akasema, "ule ute. Mimi ninao kila mwezi. Nilidhani ni ubaridi umeniingia tumboni, nikawa nakunywa dawa za majani."

"Unaona lini?"

"Siku za..." Akageuka, akanitazama. Miaka mingi nimeishi na mke wangu na sijaona tena uso kama ule, uso wa mtu anayeamua kama atacheka au atarusha kiti. "Siku ambazo nampikia chapati za safari."

"Safari gani?"

"Bujumbura. Kila mwezi. Anaondoka siku ambazo..." Akainamisha kichwa, sauti ikapungua, lakini kila mtu mle ndani akasikia. "Ndizo siku ambazo namtaka asiondoke. Mwezi mzima naweza kustahimili bila yeye. Siku zile siwezi. Mpaka namshika shati."

Mkono wa shati! Basi safari zote zile, Nyabugogo, konda anaguna, moshi wa basi, mwili wake ulikuwa unaniambia neno moja kwa lugha iliyo wazi kuliko Kiswahili na Kinyarwanda, na mimi najibu, "Nitakuletea kitenge." Nilimletea vitenge vingi. Angeweza kufungua soko.

Binti yetu hunifanya nisimulie sehemu hii kila tukikutana, na kila mara hunikatiza hapa hapa, akidai ninaongeza chumvi kuhusu nywele. Siongezi. Mama yake ni shahidi, na shangazi, Mungu amrehemu, aliyembeba mgongoni akizunguka naye mtaa mzima mpaka watu wakamkimbia, alikuwa shahidi pia.

Masera alikuwa ameweka mikono kiunoni. "Weye, bwana wa Bujumbura. Simama. Kwa nini unasafiri siku hizo?"

Nilisimama. Nikamweleza kila kitu, duka la asubuhi, kufuli, uti wa mgongo, mbegu inayopanda. Nilieleza vizuri, kwa ufasaha wa mtu aliyesoma, na nilipofika kwenye vipara yule mkulima aliyekuwa amesinzia, ambaye alikuwa na upara na watoto sita na wa saba njiani, alivua kofia yake polepole, akaiweka magotini, akanionyesha kichwa chake. Yule mkewe mwenye mimba alicheka mpaka watu wakaogopa atajifungulia pale. Hata mke wangu alikuwa amejishika mezani, machozi yanamdondokea kwenye njegere, na safari hii nilijua ni machozi gani.

Masera peke yake hakucheka. Alisubiri mpaka kukatulia.

"Baba yako alikuwa na upara?" akaniuliza.

"Ndiyo, masera. Na babu."

"Basi na weye utapata, ukisafiri usisafiri. Upara unatoka kwa ukoo. Mtoto anatoka kwa siku zile unazokwenda Bujumbura. Mwezi ujao mwingine aende; weye ubaki kwako. Na kama miezi ikipita bila kitu, mrudi hapa mpimwe wote mbili, si mama peke yake."

Mwezi uliofuata mwingine alikwenda Bujumbura, mimi nikabaki kwangu, na Idi ilipofika shangazi hakutaja tena Rwamagana.